Mashine ya macho ya mtumba: ipime kabla haijawapima wagonjwa wako

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa optometria. Nimefanya kazi miaka minne katika duka la miwani la watu hapa mjini Mombasa, na sasa nataka kufungua kliniki yangu Bamburi. Kuna muuzaji mwenye godauni Shimanzi ameniwekea furushi la vifaa vya mtumba kutoka Marekani na Uingereza: slitilampu (darubini yenye mwali ya kukagulia jicho), foropta (ya kumbadilishia mgonjwa lenzi mbele ya macho), otorefrakta (mashine inayopima nguvu ya jicho yenyewe), lensomita (ya kusoma nguvu za lenzi) na kiti cha mgonjwa, vyote kwa shilingi 780,000. Anataka nusu kama arubuni wiki hii kwa sababu ana mteja mwingine Malindi. Nimeviona, vyote vinawaka. Nichukue?

Marahaba mwanangu. Arubuni usitoe wiki hii. Sikukatazi kununua, maana vifaa vingi nilivyovifanyia kazi maisha yangu vilikuwa vya mtumba, na slitilampu niliyo nayo mpaka leo ilianza kazi kabla yangu. Tatizo ni kwamba katika swali lako lote umenieleza jambo moja tu kuhusu hali ya vifaa hivyo, kwamba vinawaka. Kiti kikiharibika utajua siku hiyohiyo, kwa kuwa hakitapanda. Mashine ya kupima ikiharibika itaendelea kukupa namba, tena namba safi, nawe utaziandika kwenye kadi ya mgonjwa.

Nikwambie lililonipata. Nilipoanza kujitegemea nilinunua lensomita ya mkono, ile ya kuchungulia kwa jicho moja, kwa muuzaji aliyeniambia imetoka kwenye kliniki iliyofungwa ng'ambo. Rangi haijachubuka, taa inawaka vizuri. Nisilolijua ni kwamba njiani iliangushwa na gurudumu lake la digrii likateleza. Mwalimu mmoja wa Kisauni alikuja, silinda yake, yaani nguvu ya kusahihisha jicho lisilo duara sawasawa, −3.00. Nilimpima vizuri, nikatia alama lenzi kwa lensomita ile, nikachonga, kisha nikakagua miwani kwa lensomita ileile. Ikaniambia kila kitu sawa. Baada ya wiki akarudi akisema mistari ya ubaoni inalala upande. Nikamwambia atazoea. Akarudi tena, nikakagua tena, namba zilezile, nikamwambia atazoea. Mara ya tatu alikuja na miwani yake ya zamani, imevunjika mkono na kufungwa uzi, akaniambia hiyo ndiyo anayofundishia. Hapo ndipo nilipochukua lenzi ya silinda kwenye seti yangu ya majaribio, yenye mhimili, yaani mwelekeo wa silinda, uliochongwa kwenye ukingo wake, nikaiweka sawasawa kwenye 90. Lensomita ikasoma 100.

Hesabu yake unaijua: mhimili ukikosea digrii 10, karibu thuluthi ya nguvu ya silinda inabaki haijasahihishwa, ukikosea digrii 30, ni kana kwamba hukumsahihisha kabisa. Kwa −3.00 ya mwalimu yule, alikuwa anatembea na dayopta nzima (kipimo cha nguvu ya lenzi) ya ukungu niliyomuuzia mimi, kwa pesa zake. Nilifungua daftari nikawatafuta wote wenye silinda niliowahudumia tangu siku niliyoinunua. Wengine niliwapata nikawabadilishia lenzi. Wengine walikuwa wamehama, na sikuwaona tena.

Kwa hiyo kabla ya kwenda godauni tafuta kwanza seti nzima ya lenzi za majaribio na retinoskopu nzuri, ile taa ya mkono ya kupimia nguvu ya jicho. Havimo kwenye furushi lako, na ndivyo vitakavyokwambia ukweli kuhusu vilivyomo. Seti ya kawaida ina vipande 266. Ukinunua ya mtumba, hesabu kila kipande na upitishe kila lenzi kwenye lensomita unayoiamini, hata kama ni ya huko unakofanya kazi sasa, kwa ruhusa. Lenzi hupotea, na mtu huchomeka nyingine kwenye tundu lake bila kusoma.

Ukiwa na seti, lensomita ya muuzaji haitakuchukua robo saa. Rekebisha kwanza kioo cha kuchungulia kulingana na jicho lako, maana wengi huruka hatua hiyo kisha wakalaumu mashine. Bila lenzi isome sifuri. Weka +5.00, kisha −5.00, kisha silinda kwenye mihimili ya 90, 180 na 45. Tazama pia zile pini za kutia wino: alama tatu ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka na zikubaliane na gurudumu la digrii. Mimi ndiko nilikoumia.

Kwenye slitilampu kaa muda mrefu kuliko penginepo. Omba taa za chumba zizimwe. Weka karatasi nyeupe pale jicho linapokaa, kisha ufunge mwanya polepole mpaka mwali uwe kama uzi. Kingo zinyooke, zikutane kwa pamoja juu mpaka chini. Mwali ukikatika katikati au ukiwa na meno, kuna uchafu au kutu kwenye vile vipande vya chuma vinavyoubana. Halafu mwombe muuzaji fimbo ya kufokasi, kile kichuma kinachochomekwa kwenye tundu la katikati. Asipokuwa nayo, azima kwa mwenzako. Elekeza mwali juu yake, tazama kwa darubini, uzungushe mkono wa taa kushoto na kulia. Mwali unatakiwa kubaki palepale na kubaki mkali. Ukihama, taa na darubini hazitazami mahali pamoja, na mara nyingi sababu ni kuanguka. Badilisha ukuzaji kutoka mdogo kwenda mkubwa, picha isipoteze ukali. Kisha tazama kwa macho yote mawili dakika tano nzima, usimwonee haya muuzaji. Kichwa kikianza kukuuma au picha mbili zikikataa kuungana, prizma za ndani zimehama, na kazi hiyo haiwezi kila fundi.

Sasa kuvu. Hapa kwetu unyevu haupumziki, na mashine iliyokaa godauni masika mazima bila kuwashwa ni shamba la kuvu. Chomoa vioo vya kuchungulia, viinue mbele ya tochi ya simu, uvitazame kwa mshazari na si moja kwa moja. Utaona utando mwembamba kama wa buibui, matawi yake yakianzia ukingoni kuelekea katikati. Fanya vivyo hivyo kwa lenzi ya mbele ya darubini. Kuvu ikiwa changa hufutika. Ikikaa sana hula tabaka la juu la kioo, na hata ukiisafisha alama yake inabaki. Ukiuona utando ndani kabisa, katikati ya lenzi mbili, mwachie mwenyewe. Kagua pia kile kioo kidogo kinachopindisha mwali kuelekea kwa mgonjwa. Tabaka lake la kung'aa liko juu, wazi, si nyuma kama kioo cha kabati. Hewa ya chumvi hulibambua, na msaidizi anayelipangusa kwa kitambaa kila asubuhi hulimaliza. Mwisho chomoa globu, andika volti, wati na umbo la kitako chake, upige simu Nairobi kuuliza kama inapatikana. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Nimeona slitilampu nzuri ajabu imegeuzwa meza ya kuwekea kadi kwa kukosa globu.

Hukutaja tonomita, kifaa cha kupimia presha ya macho. Ikiwa slitilampu hiyo inakuja na ile ya Goldmann, hapo ndipo nataka utulie kuliko pote. Mwenye silinda mbovu atarudi kulalamika, kama alivyorudi mwalimu wangu. Mwenye presha ya macho kwa kawaida hasikii maumivu, wala hatakuja kukwambia umekosea. Utamwambia yuko salama, ataondoka amefurahi, na upeo wake wa kuona utazidi kupungua pembeni mwaka hadi mwaka. Kipimo chake ni rahisi. Tonomita hii hubonyeza duara la konea, kile kioo cha mbele cha jicho, lenye kipenyo cha milimita 3.06, na kila 1 kwenye gurudumu ni gramu moja, yaani milimita 10 za zebaki. Huja na fimbo ya kuipimia yenye alama ya katikati, kisha 2 na 6 kila upande. Fimbo ikiwekwa kwenye 2, kichwa cha prizma kiyumbe kwenda mbele na kurudi nyuma gurudumu likiwa kati ya 1.95 na 2.05. Kwenye 6, kati ya 5.9 na 6.1. Kwenye sifuri, liwe karibu kabisa na sifuri, tofauti isizidi 0.05 huku na huku. Ikikosea zaidi ya hapo inaweza kurekebishwa, ila gharama hiyo itoke kwenye bei, na wewe usiiguse mboni ya mtu kwa tonomita hiyo mpaka imerudi kwa fundi na umeipima upya. Kile kichwa cha prizma chenyewe kisiwe cha mtumba hata kidogo. Nunua kipya. Cha zamani huwa na nyufa ndogo zilizotokana na dawa za kusafishia. Hukwaruza konea, na huhifadhi uchafu wa jicho lililotangulia.

Foropta ina mtego mmoja ambao wengi hawaujui mpaka wameshaibeba nyumbani. Zinazotoka Marekani ziko za aina mbili, zenye silinda za kutoa (−) na zenye silinda za kujumlisha (+), kwa sababu madaktari bingwa wa macho wengi wa huko hutumia za kujumlisha. Wewe umesomea za kutoa. Soma namba za silinda: za kutoa mara nyingi huandikwa kwa rangi nyekundu. Ikiwa ni ya kujumlisha, utakuwa unageuza hesabu kila mgonjwa, na ipo siku utachoka usahau. Baada ya hapo zungusha kila kifundo mwanzo hadi mwisho. Kisikwame, kisiruke namba, na ile silinda ya msalaba igeuke pamoja na mhimili. Kupima nguvu zake weka +3.00 kwenye foropta, ushike −3.00 ya seti yako mbele ya tundu, tazama herufi iliyo mbali, usogeze kichwa kidogo kushoto na kulia. Herufi ikitulia kama unaitazama kwa macho matupu, lenzi mbili zimefutana. Rudia kwa nguvu kadhaa ndogo, kila jicho. Nguvu kubwa usizipime hivi, maana nafasi iliyoko kati ya lenzi mbili itakudanganya. Mafuta yaliyoganda kwenye vioo yanasafishika, lakini foropta nzima kufunguliwa na kufungwa ni kazi ya siku, na fundi atataka ujira wake.

Otorefrakta, kwa maoni yangu, mwambie muuzaji aitoe kwenye furushi na bei ipungue. Najua kila kliniki mpya inaitaka kwa kuwa mgonjwa akiona karatasi imetoka kwenye mashine anaamini amepimwa. Lakini ni mashine yenye kompyuta, skrini na printa, imeshazeeka, na spea zake ni za kampuni moja tu. Kisha ina tabia unayoijua, hasa kwa watoto: jicho hujikaza likitazama ndani ya mashine, na namba inatoka na kutoa kulikozidi. Ukiwa na retinoskopu mkononi huna haraka nayo. Ukiing'ang'ania, mkalishe mtu mmoja umpime mara tano mfululizo; namba zikitofautiana zaidi ya 0.25, iache. Wapime watu kumi unaowajua nguvu zao kwa retinoskopu, ulinganishe. Na ikiwa inapima pia mkunjo wa konea, nenda duka lolote la beringi mjini ununue gololi ya chuma ya inchi 5/8, mpya, inayong'aa. Nusu kipenyo chake ni milimita 7.94, kwa hiyo mashine inapaswa kukusomea karibu na dayopta 42.50, na kwenye kila mhimili iwe namba hiyohiyo, kwa sababu gololi haina silinda. Gololi hiyo ihifadhi kwenye mafuta kidogo ndani ya kopo. Hata mimi ninayo, na kila mwezi naitoa.

Kiti kalia, kipandishe, kishushe, kilaze. Basi.

Umeme ndio ulioua vifaa vingi vya mtumba bandarini kwetu kuliko kuvu. Stima yetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni volti 120, mizunguko 60. Cha Uingereza kitafanya kazi bila shida, plagi ni ileile. Cha Marekani, kabla ya kitu chochote, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240 uko salama. Kikiandikwa 120 peke yake utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, tena iandikwe jina la mashine yake isije ikachomolewa na mfagiaji akachomeka mashine ukutani. Transfoma hushusha volti tu. Mizunguko inabaki 50, na mota iliyoundwa kwa 60, kama ya kiti, itazunguka polepole na kupata joto. Iache ifanye kazi nusu saa ukiwa hapo hapo, kisha uishike. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua volti. Ukiigeuza, badilisha na fyuzi, kwa sababu ya 110 ni kubwa mno kwa 240. Muulize muuzaji hiyo transfoma anayowashia sasa inakuja na mashine au ni yake.

Kuhusu karatasi. Vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na bidhaa nyingi zinazoingia hukaguliwa huko zinakotoka kwa utaratibu wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa. Huyu ameshaingiza mzigo, kwa hiyo mwombe nakala za hati za forodha na za ukaguzi, uzione namba za mashine zilizomo humo zinalingana na zilizochongwa kwenye mashine zenyewe. Geuza kila kifaa utafute alama ya mali ya hospitali ya umma. Kikiwa na GoK (Serikali ya Kenya) au kibandiko cha kaunti kilichokwanguliwa nusu, ondoka, hata kikiwa cha bei ya kutupa. Na ukija siku moja kuagiza mwenyewe kutoka nje, waulize Bodi na KEBS kwa maandishi kabla ya kutuma pesa, maana mzigo ukishafika Kilindini ukakosa hati, gharama za kuhifadhiwa zinahesabiwa kwa siku.

Sasa huyo mteja wa Malindi. Kizuri chajiuza, mwanangu. Mwambie muuzaji unataka bei ya kila kifaa peke yake, imeandikwa. Furushi ndilo linaloficha: kiti kizuri kinabeba otorefrakta mbovu. Mwombe siku moja nzima ndani ya godauni na umeme ukiwepo. Akikubali, nenda na seti yako, gololi, karatasi nyeupe, tochi na mwenzako mmoja wa kazi, kwa sababu macho mawili yaliyokwisha kupenda kitu hayaoni kasoro yake. Andika ulivyopima, na kwenye mapatano ziwepo namba za mashine, matokeo ya vipimo siku ya kununua, na siku 14 za kurudisha. Lipa kwa benki au M-Pesa, si mkononi. Akikataa kupimiwa, umeokoa 390,000.

Ukivinunua, chumba chako cha Bamburi kitakuwa na upepo wa bahari, kusi na kaskazi, kwa hiyo panga mapema. Mashine zikae mbali na dirisha. Kiyoyozi kikizimwa jioni usifungue madirisha papo hapo. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya nje yenye joto na unyevu kinatoka jasho, na jasho hilo ndilo chakula cha kuvu. Vioo vya kuchungulia vya akiba viweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na chembe za kukausha unyevu, zile zinazobadilika rangi zikishiba, uzianike kwenye oveni upya. Funika mashine kwa kitambaa cha pamba kinachopumua, wala usitumie nailoni. Na kila mashine iwashwe angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna mgonjwa.

Nunua daftari la jalada gumu pia. Ukurasa wa kwanza uandike siku ya kwanza: lensomita ilisoma nini kwa +5.00 na kwa silinda ya 90, tonomita iliyumba wapi kwenye 2, foropta ilifutana na lenzi zipi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi rudia vipimo hivyohivyo kwa lenzi zilezile, uandike chini yake. Siku namba itakapohama utaiona kabla mwalimu wa Kisauni hajarudi mara ya tatu.